Katoka au Kaondoka

Chumba cha Mashuka,
Hosteli ya Wasafiri,
Nyuma ya Stendi Kuu.

Jumatano, tarehe 24.

Mpendwa binti wa kaka yangu, Kiguu na Njia wetu,

Hujambo mwanangu? Wengine huliandika swali hili kwa mazoea tu, ili kalamu ipate pa kuanzia. Mimi leo nauliza nikitaka jibu. Hujambo? Umekula? Jana umelala wapi? Hii ni siku ya sita simu yako inaniambia haipatikani, na yule dada wa kwenye mtambo nimemchoka na adabu zake. Basi nimerudi kwenye karatasi. Barua hii nitampa kondakta wa basi la saa nane, aiache mapokezi katika hosteli uliyoniambia umefikia. Ukiipata, kabla hujageuza ukurasa, azima simu ya mtu yeyote uniambie neno moja tu: nipo. Halafu rudi uendelee kusoma, maana nina mengi.

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Bibi yako mzima, anakula na anagomba, na siku asipogomba ndiyo tunamwita daktari. Baba yako yuko vilevile na redio yake sikioni, anasikiliza habari za nchi za mbali na za nyumbani kwake hana. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua. Mwili mzima, mwanangu, ila usingizi umenihama, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha hapa juu ya furushi la mashuka machafu nikuandikie, mashine ikinguruma mgongoni.

Barua yako ya mwezi jana niliisoma mara tatu, mara mbili kwa raha na mara moja kwa wivu. Unasema hoteli ni za wazee wenye masanduku ya magurudumu. Kijana mwenye begi la mgongoni na mfuko mwepesi, kwake ni hosteli. Sikubishii, maana vitanda hivyo mimi ndiye ninayevitandika, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimeona vijana wanane wageni wakiingia chumba kimoja, kila mmoja anajifanya anatafuta kitu kwenye begi ili asianze yeye kusalimia, na kesho yake wanakula mkate mmoja na kugombea kisu kimoja. Nimeona ndoa mbili zikianzia kwenye foleni ya bafu. Moja imedumu.

Karaha zake pia unazijua. Kila chumba kina mkoromaji wake, utadhani ni sheria ya nchi. Kuna anayekula mayai yaliyoandikwa jina la mwenzake, tena kwa herufi kubwa. Kuna yule wa alfajiri mwenye mifuko ya plastiki, anayefunga begi kama anakaanga karanga. Hayo yote ni ya kucheka, na ukirudi tutayacheka. Lakini kuna upande wa hosteli usioujua, kwa sababu hujawahi kuishi upande wetu wa mlango.

Sisi hatuwaiti majina. Majina yenu yanatoka kila pembe ya dunia, ulimi unachoka. Tunawaita kwa vitanda. Tisa kapoteza soksi. Kumi na Nne anaumwa tumbo, mpelekeeni maji. Tatu na Nne wamenuniana, tangu jana mmoja analala na miguu kwenye mto. Miaka yote nimecheka na majina haya. Sasa hivi sicheki.

Kila siku saa nne asubuhi napita vyumbani, kisha naandika kwenye ubao ulio ukutani kati ya chumba changu na mapokezi. Mbele ya kila namba neno moja. Kama mtu bado kajifunika, naandika yupo. Kama kitanda hakina mtu wala kitu, tupu. Na kama mtu hayupo lakini taulo lake linaning'inia na ndala ziko mvunguni, naandika katoka. Yaani katoka, atarudi. Lile "atarudi" sikuwahi kuliandika. Chaki yenyewe huwa kipande, mimi nina haraka, na miaka kumi na minane hakuna aliyeniuliza maana yake.

Mwezi huu ulipoanza tukapata karani mpya wa mapokezi, mama wa makamo, mwandiko wa kupendeza, mchapakazi. Simsemi vibaya, na ukinisoma vizuri utaona ninayemsema ni mimi. Katokea hoteli kubwa, ile ya wazee wako wa magurudumu. Huko daftari la wageni lina safu mbili: tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Kwa hiyo kwake mtu akitoka, katoka na sanduku lake, mlango umefungwa, mwite mwingine. Na daftari letu lina safu hizo hizo. Nimelifuta vumbi miaka yote hii na sikuwahi kulisoma.

Sasa nikuambie habari za Saba.

Alikuwa binti wa rika lako, pengine amekuzidi mwaka. Kitanda cha saba, cha chini, karibu na dirisha. Simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji, hivyo mama yake alikuwa anampigia kwenye simu ya mapokezi. Alikuwa na tabia moja ya kunifurahisha. Akiamka anatandika kitanda mwenyewe, vibaya sana, shuka limepinda kama njia ya panya, halafu ananiambia, "Mama, leo nimekupumzisha." Nami namshukuru, nangoja apinde kona, nakifumua na kukitandika upya.

Ijumaa ya tarehe tano, saa tatu na kitu asubuhi, nilikuwa napanda ngazi na mzigo wa foronya huku nazihesabu. Yeye akawa anashuka mbio. Akanipisha ukutani na kusema, "Natoka mara moja, mama." Nikasema, "Haya." Mwanangu, ni hilo tu nililomwambia. Sikuinua hata macho, maana ningeinua macho ningepoteza hesabu. Foronya zilikuwa kumi na nane. Askari mpelelezi kaniuliza mara tatu: alivaa nini, alibeba nini, uso wake ulikuwa wa furaha au wa wasiwasi? Sijui. Ninachojua ni kumi na nane.

Saa nne nikapita vyumbani. Taulo lake la kijani lilikuwa kwenye ukingo wa kitanda, ndala mvunguni, shuka limepinda kama kawaida. Nikaandika ubaoni: saba, katoka. Pamoja naye niliandika wengine wanne, maana hali ya hewa ilikuwa nzuri na vijana walikuwa wametawanyika mjini.

Siku hiyo ndiyo siku ya kwanza karani mpya kuachwa peke yake. Akausoma ubao, akafungua daftari, na kwa mwandiko wake ule mzuri akawajaza wote watano kwenye safu ya kutoka, tarehe tano. Jioni wanne wakarudi na kudai vitanda vyao. Akashangaa, akaomba radhi, akawafuta mmoja mmoja. Kosa lake likasahihishwa na waliorudi. Wa tano hakurudi, basi hakuna aliyemsahihisha.

Mimi Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kupumzika. Anayenishikia kazi akaambiwa saba ni tupu, akabadilisha mashuka, taulo na ndala akavitia kwenye kikapu cha vilivyosahauliwa. Jumapili narudi, nakuta kitanda cha saba kina kijana mrefu, miguu imetokeza nje ya shuka. Nikaenda kwenye kikapu. Taulo la kijani nikalitambua papo hapo. Unajua nilisema nini moyoni? Nilisema, kaondoka bila kuniaga, vijana hawa hawana shukrani. Nilinuna, mwanangu. Nilinuna kwa ajili ya kwaheri, na huko kununa ndiko kulikonifumba macho. Mtu anayeondoka kwa heri haachi ndala zake.

Kabati lake lilikuwa kwenye ujia, na lilikuwa na kufuli jekundu. Makabati tunayo mengi kuliko vitanda, kwa hiyo moja likibaki limefungwa hakuna anayelikosa. Kila siku nilipita mbele yake na ndoo. Nilikuwa nalifuta.

Na simu sasa. Mama yake alipiga Ijumaa ileile mchana. Karani alikuwa kwenye chakula, nikapokea mimi. "Naomba binti yangu wa kitanda cha saba," alisema. Nikajibu, "Ametoka, mama." Akacheka akasema huyo hatulii, akakata. Akapiga tena Jumatatu, karani akaangalia daftari akamjibu, "Ametoka." Akapiga Alhamisi. "Ametoka." Akapiga Jumapili. "Ametoka, mama." Karani alikuwa anasema kweli kwa daftari lake. Mama alikuwa anasikia kweli kwa sikio lake. Neno moja, mwanangu, linamwambia mmoja kwamba mgeni hayupo tena hapa, na linamwambia mwingine kwamba yuko karibu, ngoja kidogo. Mzazi wa watu alingoja siku kumi na moja.

Jumanne ya tarehe kumi na sita akafika mwenyewe. Nilikuwa mapokezi nakabidhi funguo. Alikuja na sweta mpya mkononi, bado ina karatasi ya dukani, kwa sababu binti alimwambia huku asubuhi kuna baridi. Alitusalimu vizuri, akauliza binti yake yuko. Karani akafungua daftari akasema, "Huyu alitoka tarehe tano."

Yule mama akatabasamu kama mtu asiyesikia vizuri. "Tarehe tano, ndiyo. Akarudi saa ngapi?"

Karani akanitazama. Mimi nikatazama ubao. Hapo ndipo nilipoona yote kwa mara moja: ubao, daftari, taulo, kufuli, na ile Haya yangu ya ngazini.

"Mlinambia ametoka," yule mama akasema. "Nami nikawa namngoja arudi." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeshukuru.

Tulikata kufuli mbele ya askari. Ndani mlikuwa na begi lake lote, koti, dawa za mafua, na tiketi ya basi ya Jumapili tarehe saba. Alikuwa arudi alale usiku mbili, ndipo aendelee na safari yake. Hakuchukua kitu. Mama yake alilitazama lile koti, akaliweka sweta juu yake, akafunga mlango wa kabati kwa mkono kama anayefunika mtoto.

Mpaka leo hajaonekana. Muuza magazeti wa kona anasema Ijumaa ile alimwona binti akivuka barabara na kugeuka kulia. Kulia ni sokoni, ni stendi, ni darajani, ni kila mahali. Watu wengine hawakumbuki kitu. Siku kumi na moja ni nyingi kwa macho ya watu. Laiti tungeuliza jioni ileile, kila mtu angekuwa bado amembeba machoni. Jina lake silitaji hapa kwa sababu askari kaomba lisizagae. Na aibu yangu ni kwamba nililijua siku mama yake alipolitamka. Kwangu alikuwa Saba.

Meneja wetu tunamwita Bwana Shwari, kwa kuwa hata jiko likiwaka moto atasema shwari. Safari hii kaniita ofisini, kafunga mlango.

"Mama, tusijichongee," akaniambia. "Ubao wako ulisema katoka. Daftari linasema katoka. Tatizo liko wapi? Akishatoka si mgeni wetu."

"Niliandika katoka. Sikuandika kaondoka."

"Neno ni lilelile."

"Kwako," nikamwambia. Nikaenda kituoni kwa miguu yangu Alhamisi ya wiki iliyopita na kueleza yote, ubao, taulo, ndala, simu ya Ijumaa. Nikatia sahihi. Kazi kama itakwenda na iende. Nimetandika vitanda vya kutosha. Tangu hapo Bwana Shwari ananipita ujiani bila salamu, na karani analia chooni akidhani hatumsikii. Nimemwambia tulilie pamoja, kosa tuligawana.

Sasa nije kwako, maana naona nazunguka mbuyu.

Alhamisi hiyo kituoni nilikuwa nimezima simu. Nilipoiwasha nikakuta ujumbe wako. Nauandika hapa kama ulivyo, ili nawe uusome kwa macho yangu: "Shangazi nimepata kitanda cha chini karibu na dirisha, wiki nzima, raha tupu. Natoka mara moja, tutaongea." Nilipiga pale pale, nimesimama kwenye ngazi za kituo cha polisi. Haipatikani. Nikapiga nilipofika nyumbani. Haipatikani. Nimepiga Ijumaa, Jumamosi, mpaka leo.

Najua utasema nini. Utasema shangazi, chaji iliisha. Shangazi, huku mtandao ni wa shida. Shangazi, umeona kwa mmoja ukadhani kwa wote, uliyeumwa na nyoka unaogopa ung'ongo. Sema mwanangu, sema yote hayo, niseme mimi ni mzee mwoga na nikuombe radhi mbele ya wenzako. Hakuna kitu nakitaka duniani kama hicho.

Na baba yako sikumwambia. Juzi aliniuliza, bila kuondoa redio sikioni, "Kiguu na Njia vipi?" Nami nikafungua kinywa, na katika maneno yote ya lugha hii nikachagua lile lile. Nikasema, "Katoka matembezi." Akaitikia kwa kichwa, akatulia, akarudi kwenye habari zake. Niliona jinsi neno lile linavyomtuliza mtu. Nikaenda jikoni nikakaa.

Nimekatishwa hapa. Karani kaja mbio na karatasi. Tangu asubuhi, nilipomweleza habari zako, anawapigia watu wa hosteli za kila upande wakitumiana namba, na sasa kapata namba ya mapokezi ya huko kwako. Ngoja nipige, nitarudi.

Nimerudi.

Aliyepokea ni mwanamume mtu mzima, sauti ya upole. Nilimtajia jina lako lote, la kwako, la baba na la babu, sikutaja kitanda. Akasema, "Ndiyo, tunaye. Ametoka, mama."

Nilishika meza. Nikamwuliza, "Ametoka, au ameondoka?"

Akacheka kidogo, hana ubaya. "Kwani si mamoja, mama?"

Nikamwambia si mamoja. Nikamwambia, baba nakuomba kwa jina la aliyekuzaa, acha hiyo kalamu, panda ngazi, uende mpaka kitandani kwake karibu na dirisha. Angalia vitu vitatu tu: taulo, ndala, kufuli. Halafu muulize wa kitanda cha jirani alimwona lini, yeye kwa macho yake, si kwa kusikia. Akasema atapanda na atanipigia. Kwa hiyo namaliza barua nikiwa na simu mapajani, na kila mashine inapotetemeka nadhani ni yeye.

Nikushauri nini mwanangu, wewe uliyenizidi kwa safari? Nina moja tu. Kokote utakakolala na watu usiowajua, chagua mmoja, mwambie jina lako na si namba yako. Ukitoka mwambie unakwenda wapi na unarudi saa ngapi, na umngoje mpaka ainue macho. Kama ana foronya mkononi, zipige chini zimwagike.

Bibi yako anakusalimu na anauliza kama huko mnalala na soksi. Mama yako mdogo anakusalimu, kakuwekea kile kitambaa chako cha bluu ulichokililia, kumbe kilikuwa nyuma ya kabati. Mapacha wanakusalimu, mmoja kang'oka jino na mwenzake analia kwa nini lake bado. Baba yako hajatuma salamu kwa sababu anadhani tunaongea kila siku. Karani wetu, usiyemjua, naye kaomba nikusalimie.

Mungu akuweke mahali penye watu wenye macho, akukinge na njia yenye kona nyingi, akurudishe na miguu yako yote miwili na kelele zako zote.

Mimi shangazi yako nikupendaye, niliyekuosha ukiwa na siku moja.

Nyongeza.

Kapiga. Mzee wa watu alipanda ngazi kweli. Taulo lako liko kwenye ukingo wa kitanda, limekauka gumu. Ndala ziko mvunguni. Kufuli liko kabatini, limefungwa. Binti wa kitanda cha juu yako anasema alikuona Alhamisi ukifunga viatu. Jumamosi pia anadhani alikuona, lakini huenda ni mwingine. Nimemwambia yule mzee asiruhusu mtu kugusa kitanda hicho, awaite askari sasa hivi, asingoje jioni. Kasema ameshaanza kuwapigia. Sauti yake haikuwa na upole tena, ilikuwa na haraka, nami nimemshukuru kwa hiyo haraka.

Baba yako nimemwambia yote kwa simu. Nilisikia tu kimya, na ndipo nikatambua kwamba kaizima redio. Atanikuta stendi.

Kwa hiyo barua hii simpi kondakta, naileta mwenyewe kwa basi hilohilo la saa nane. Ubaoni, chini ya namba ya mwisho, nimeandika kwa chaki nzima na herufi kubwa: Mtandika vitanda kaondoka kumfuata mwanawe, atarudi naye. Bwana Shwari kapita akasoma, akaingia ofisini kwake. Karani kasema hataruhusu mtu aufute.

Nikifika nitaiacha hapo mapokezi juu ya meza, mimi na baba yako tuingie mitaani kukutafuta. Basi ukirudi ukaikuta kabla hatujakukuta, kaa hapo hapo kwenye kiti, mbele ya yule mzee. Usitoke mwanangu, hata mara moja.